Rufaa Si Kuomba Huruma

Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya mwanafunzi aliyefungua matokeo ya mwaka wa mwisho akakuta daraja ambalo moyo wake unalikataa.

Mimi ni mtoto wa Tunduma. Mama amenisomesha kwa kuuza maharage sokoni, mkopo wa Bodi ya Mikopo ukajazia. Matokeo yalipotoka, GPA yangu ilisoma 3.4. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5, na chuoni kwetu desimali hazipandishwi: hata ukipata 3.49, unaandikiwa 3.4. Ufadhili wa uzamili niliokuwa nautafuta ulitaka 3.5.

Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea, nikapata kibarua kwa wakala wa forodha. Pale kwenye kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa 2019, siku moja niliona lori likizuiwa kwa tarakimu moja iliyokosewa kwenye hati. Hakuna aliyepiga magoti. Wakala alileta hati halisi, tarakimu ikarekebishwa, lori likavuka.

Usiku ule nilitoa begi la karatasi uvunguni nikaanza kulinganisha. Somo moja la krediti 12 lilikuwa na C, alama 44. Karatasi ya jaribio la pili ilikuwa mkononi mwangu: 11 kati ya 15, kwa wino mwekundu, na saini ya mwalimu. Kwenye mfumo, jaribio hilo lilisomeka sifuri. Ukiongeza 11 unapata 55, yaani B, pointi moja zaidi kwa kila krediti. Pointi hizo 12, zikigawanywa kwa krediti 360 za shahada nzima, zingenitoa 3.47 hadi 3.51.

Wenzangu walinionya: "Achana nayo, utagombana na walimu." Mama akasema, "Mwanangu, jasho lako halidaiwi kwa aibu. Nenda kwa adabu, lakini nenda."

Muda wa rufaa ulikuwa haujaisha. Niliandika barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa idara, nikaambatanisha nakala ya karatasi na hesabu yangu. Sikueleza shida za nyumbani. Nilionyesha kosa lilipo, nikaomba lihakikiwe.

Kusubiri ndiko kulikoniumiza. Kila nikipiga simu naambiwa kikao bado. Niliomba Mungu, nikaendelea na kibarua. Hatimaye mwalimu wa somo alikagua orodha yake ya alama, akathibitisha kwamba 11 zangu hazikuingizwa. Marekebisho yalipita idarani, kwenye bodi ya mitihani, hadi Seneti. Transkripti mpya ikasoma 3.5.

Kwa hiyo nakuambia wewe uliye Vwawa, Mlowo, Ileje au popote: tunza kila karatasi unayorudishiwa mpaka ushike cheti. Soma kanuni za mitihani za chuo chako ujue siku za rufaa. Piga hesabu mwenyewe kwanza. Ukikuta chuo kiko sahihi, pokea matokeo yako na usonge mbele. Ukikuta kosa, andika barua mapema, wala usiogope. Daraja ulilolifanyia kazi ni haki yako.