Kumzoeza Mbwa Safari ya Motokaa

Kwetu Tarime mbwa ni mlinzi wa ng'ombe na wa boma, wala si mnyama wa kupanda motokaa. Akienda malishoni huenda kwa miguu yake. Kwa hiyo, baba mdogo anayekaa Mugumu, wilaya ya Serengeti, alipoleta habari kwamba fisi wanamaliza mbuzi wake na kuomba apewe mbwa wetu Jasiri, wengi nyumbani walidhani kazi ni kumfunga kamba tu na kumtupa garini. Nilikuwa likizo, na babu akanikabidhi jambo hilo.

Kutoka Tarime hadi Mugumu, kwa njia ya Nyamwaga na Nyamongo, kisha kuvuka Mto Mara, ni kama kilomita 87. Dereva wa pikapu alikubali kutuchukua kwa sharti moja: mbwa akileta fujo, atashushwa hapo hapo tulipo. Nami nilijua kuwa mbwa akiachwa ugenini hupotea, na pengine hupigwa mawe. Nilikuwa na majuma manne ya kumtayarisha.

Jambo la kwanza lilikuwa chanjo. Bwana Mifugo alimchoma Jasiri sindano ya kichaa cha mbwa, akatupa cheti. Alitueleza kwamba haifai kungoja mpaka siku ya safari, maana mwili huhitaji majuma kadhaa kujijengea kinga. Akatukumbusha pia ya mwaka 1994, ambapo simba wapatao 1,000 wa Serengeti, yaani karibu theluthi moja ya wote, walikufa kwa ugonjwa uitwao distempa, ambao mbwa wa vijijini nao huupata. Baadaye wataalamu walichanja mbwa wengi katika vijiji vinavyopakana na hifadhi. Hifadhini kwenyewe mbwa wa kufugwa haruhusiwi kuingizwa ovyo. Basi anayempeleka mbwa Arusha kutoka Mugumu asitegemee kukata njia katikati ya hifadhi. Itambidi azunguke mbali.

Jambo la pili lilikuwa mazoezi. Jirani yetu ana pikapu kuukuu. Siku za kwanza nilimpandisha Jasiri ikiwa imezimwa, nikampa kipande cha nyama, nikamshusha. Alipozoea, jirani aliwasha injini bila kuondoka. Kisha tukaenda mpaka njia panda na kurudi, na siku ya gulio tukaenda mbali zaidi. Mara ya kwanza alitetemeka, akapiga miayo na kutokwa na udenda mwingi. Hizo ndizo dalili za kichefuchefu. Kiungo cha mizani kimo ndani ya sikio, nacho kikihisi mtikisiko ambao macho hayauoni, kichwa huzunguka, kama ilivyo kwa watu wengine ndani ya basi. Mbwa wachanga huumwa zaidi, lakini wengi hupona kwa kuzoea.

Siku ya safari hatukumpa chakula asubuhi, ila maji kidogo. Tulimtandikia gunia lake alilozoea kulalia, ili anuse harufu ya nyumbani. Kamba tulimzungushia kifuani na kuifunga fupi, kwa sababu mbwa aliyefungwa shingoni akiruka nje ya gari hunyongwa. Tulisimama Nyamongo kivulini, akanywa maji na kunyoosha miguu. Ni vema kukumbuka kwamba mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi; hujipoza kwa kuhema. Akifungiwa ndani ya motokaa iliyosimama juani aweza kufa kwa muda mfupi sana.

Tulifika Mugumu alasiri, tukiwa wekundu kwa vumbi. Jasiri alitoa udenda, lakini hakutapika wala kubweka. Dereva alicheka, akasema ana abiria wengi wanaomshinda mbwa huyu kwa fujo.

Kumwacha kulinihuzunisha, maana nilimlea tangu akiwa kinyonga cha mkononi. Nilimwachia gunia lake, na baba mdogo akamfunga karibu na zizi kwa siku chache ili asijaribu kurudi Tarime kwa miguu. Sasa habari zinazoletwa ni kwamba usiku hubweka sana, na mbuzi wanalala salama.

Wenzangu, likizo inakuja. Aliye na mbwa wa kusafirisha aanze mapema, na aanzie kwa Bwana Mifugo.