Basi na Sisi Tumo

Kwetu Msambweni, mzee akikuuliza wewe ni wa nani, kuna jibu la baba na kuna jibu la mama, na la mama ndilo analolisubiri. Wadigo tuna fuko, ukoo unaopita upande wa mama. Zamani mali ya mwanamume ilikwenda kwa watoto wa dadake, wanawe wa kuzaa wakabaki kutazama. Uislamu ulipokita mizizi, mirathi ikahesabiwa vingine, na minazi mingi huku imegombaniwa kwa sababu hiyo. Lakini mazungumzo ya damu hayakubadilika. Damu ni ya mama.

Kwa hivyo mdogo wangu alipovimba vidole vya mikono na miguu, hata kutambaa hajajua vizuri, lawama hazikuuliza njia. "Kuna kitu kinawala watu wa fuko lile," walisema shangazi zangu. Mama alizungushwa kwa waganga mpaka akauza kitanda. Mtoto alilia usiku kucha, macho ya njano, na kila msimu wa kusi, baridi ikianza kupiga, alilia zaidi.

Alipopimwa hatimaye, akaonekana ana selimundu. Sikoseli, kama tunavyoiita mtaani. Muuguzi alimchorea mama kwenye kipande cha karatasi: kila mtu ana jeni mbili za kutengeneza hemoglobini, moja ya baba, moja ya mama. Ukiwa na moja nzima na moja ya mundu, wewe ni AS, mbebaji, na kwa kawaida huumwi. Ukipata mbili za mundu, ni SS, ndiyo maradhi yenyewe. Mtoto wake alikuwa SS.

Baba alikuwa keshafariki, hakuwahi kupimwa. Karatasi ile haikumhitaji. Mtoto hawezi kuchota S mbili kwa mama peke yake. Mama aliikunja, akaipeleka kwa nyanya, mzaa baba, akamweleza polepole. Nyanya alinyamaza sana, kisha akasema, "Basi na sisi tumo." Sikuwahi kusikia msamaha mwingine ukiombwa kwa mama, na nadhani ule ulimtosha.

Kosa lenyewe ni dogo hata linaudhi. Andika "baba", badilisha herufi moja, upate "bata". Katika jeni ya hemoglobini, herufi A imekaliwa na T. Basi kwenye mnyororo wa protini, pete ya sita, palipotakiwa asidi ya glutamiki panaingia valini. Hemoglobini ikishaachia oksijeni, hugandamana kuwa nyuzi ngumu, na chembe nyekundu iliyokuwa mviringo na laini hupinda kama mundu. Chembe hizo hukwama kwenye mishipa midogo. Hapo ndipo mdogo wangu anaposhika goti na kuuma shuka.

Sasa, kitu kinachoua watoto namna hii kingetakiwa kiwe kimeshatoweka. Wenye SS wengi zamani hawakufika umri wa kuzaa. Mbona kimejaa Pwani? Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kusoma Oxford, alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali nchini. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, wabebaji walizidi asilimia 20. Nyanda za juu hawakufika asilimia 1. Alichokiona, na kukichapisha mwaka 1954, ni kwamba ramani ya mundu inafuata ramani ya malaria. Mwenye AS haponi mbu, lakini malaria kali humpata kwa nadra. Tafiti za Kilifi zimeonyesha kinga hiyo hufika takriban asilimia 90. Wanasayansi huita uchaguzi asilia, ingawa hakuna aliyekaa akachagua. Watoto wasio na mundu walizikwa na malaria, wenye miwili wakazikwa na mundu, wa katikati wakabaki, wakazaa sisi.

Wapo wanaoita hiyo zawadi. Mimi neno hilo linanikera. Niko hai pengine kwa sababu ya ile herufi, na mdogo wangu analipa bei ambayo hakuna aliyemuuliza.

Mimi ni AS. Nilipomwambia mchumba wangu akapime, mamake alinipigia simu: "Kwani mwanangu, unanunua ng'ombe?" Sikumjibu vibaya, ni mama mkwe. Kijana alikwenda mwenyewe, akarudi na karatasi. AS.

"Si ni mmoja kwa wanne?" akaniuliza, tumekaa ufuoni Diani. "Tukizaa watatu tukaacha?" Nikamweleza kuwa mimba haikumbuki ile iliyotangulia. Kila moja ni robo upya: wanne wanaweza kuwa wazima wote, na wa kwanza tu anaweza kuwa SS. Alichora mchangani viboksi vinne, akavifuta kwa mguu, akavichora tena.

Siku hizi mdogo wangu anameza haidroksiyurea kila siku, dawa inayoamsha hemoglobini ile ya kichanga, isiyopinda. Maumivu yamepungua, hayajaisha. Nilimuuliza, kwa kuwa yeye ndiye anayejua, kama angekuwa mimi angefanyaje. Alicheka, akasema nimuulize wakati si wa kusi.

Harusi tumeisogeza mpaka baada ya Ramadhani. Yeye ameshaanza kuuliza atavaa kanzu gani.