ALIYE JUU MNGOJE CHINI

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa aliye juu mngoje chini. Methali hii nimeisikia tangu shule ya msingi, nikadhani inawahusu matajiri na wakubwa wenye majivuno tu. Likizo iliyopita ndipo nilipoielewa barabara, ndege ikiwa angani na mimi nikiwa chini, rimoti mkononi, jasho likinitiririka. Mpenzi msomaji, tega sikio nikusimulie.

Mjomba wangu ni fundi wa kompyuta jijini Nairobi. Watu wengine wakipata visenti hununua pikipiki au kiploti. Yeye alinunua ndege! Usishtuke, si ya kubeba abiria. Ni ndege ndogo ya kuigiza, ambayo uzani wake haufiki kilo 2 na mabawa yake, kutoka ncha hadi ncha, ni mita 1.4. Mwili wake umetengenezwa kwa fomu nyepesi, jamaa ya ile inayofungiwa televisheni mpya. Puani ina mota ya umeme na propela, tumboni ina betri.

Imeundwa kwa mfano wa Harvard, ndege ya Kimarekani ya miaka ya 1930 ambayo ilitumiwa kuwafunzia marubani wengi wa Vita Vikuu vya Pili. Zaidi ya 15,000 ziliundwa. Mjomba aliipaka yake rangi ya fedha, akachora kwenye mabawa ile miviringo ya jeshi la anga la Uingereza, hata akaketisha rubani wa plastiki ndani ya kioo. Ilipendeza, si mchezo.

Kabla ya kunikabidhi rimoti, mjomba alinifunza kwa programu ya kompyuta. Humo niliangusha ndege zaidi ya mara mia bila kulipa hata ndururu. Nilijifunza kuwa kijiti cha kushoto huongeza mbio za mota na kugeuza usukani wa mkia, na cha kulia huinua au kushusha pua na kulaza mabawa. Shida ni moja. Ndege ikienda mbele, kushoto kwako ni kushoto kwake. Ikigeuka kukujia, kushoto kwako kumekuwa kulia kwake, na mkono wako unadanganyika. Mjomba alinipa dawa ya ugonjwa huo: "Ikikujia na bawa moja limeinama, sukuma kijiti upande wa lile bawa lililoinama. Lisimamishe kama unavyomshika mlevi."

Basi mwezi wa Agosti tukaenda kwa nyanya, kaunti ya Nyeri, mahali ambapo asubuhi isiyo na mawingu unauona Mlima Kenya upande mmoja na Nyandarua upande wa pili. Mjomba alikuwa na kibali chake cha kurusha ndege hiyo. Tukachagua malisho mapana, tukawahamisha ng'ombe, tukafunga kitambaa kwenye mti ili tuone upepo unatoka wapi. Ndege hupaa na hutua ikiuelekea upepo, kwa sababu upepo wa usoni huyasaidia mabawa kuibeba hata kama haina mbio nyingi.

Mara mbili niliirusha vyema. Kupaa hakuna taabu kubwa. Unaongeza mbio taratibu, ndege inataka kuponyokea kushoto kwa sababu ya nguvu ya propela, unairudisha kwa usukani, mkia unainuka, mara hiyo hewani. Nikaizungusha, nikaipindua, nikajiona mimi ndio mimi. Lakini kila ilipofika saa ya kutua, mjomba aliichukua rimoti. "Hapa ndipo wanaume hulia," alisema akicheka.

Mara ya tatu, ndege ikiwa juu, nyanya akatokea kwenye njia ya ng'ombe na chupa ya chai. Sikumwona. Niliikimbiza ndege chini chini, ikapita mbele yetu kwa kasi. Nikasikia kitu kikianguka. Kugeuza macho, naona chupa imelala nyasini na nyanya amechutama, mikono kichwani.

"Iteremsheni!" alilia kwa Kikuyu. "Iteremsheni hiyo!"

Mjomba alimkimbilia mamake. Nikabaki peke yangu. Wakati huo huo rimoti ikaanza kulia pi, pi, pi. Betri ilikuwa inakaribia kwisha. Leo ni leo, nikajiambia, asemaye kesho ni mwongo.

Niliipeleka ndege mbali huku upepo ukiisukuma kwa nyuma, nikapunguza mbio, nikaigeuza kuelekea kwangu. Moyo ulitaka niivute pua juu ili isianguke upesi. Nikakumbuka onyo la mjomba: ndege isiyo na mbio ukiivuta pua, mabawa huishiwa na nguvu ya kubeba, bawa moja huanguka na huna tena ndege. Tena kwetu ni juu, hewa ni nyepesi, kwa hiyo inabidi ndege ije na mbio zaidi kuliko ingehitaji Mombasa. Nikaiacha pua ishuke kidogo. Bawa la kulia likainama. Nikamshika mlevi wangu. Ikapita juu ya ua, ikagusa nyasi, ikaruka kama chura, ikagusa tena, gurudumu likanasa shimoni, ikasimama kwa pua. Propela ilivunjika vipande viwili. Lakini ilikuwa chini.

Niliibeba nikaenda walipokuwa. Nyanya aliitazama kwa muda mrefu bila kunena. Kisha akanyoosha kidole akamgusa yule rubani wa plastiki kichwani.

"Huyu namjua," akasema. "Walipita chini hivi hivi, hata tukaona vichwa vyao."

Ndipo akatusimulia. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Kuanzia mwaka wa 1953, ndege za Harvard zilikuwa zikiruka kutoka uwanja wa Mweiga, si mbali na hapo, zikibeba mabomu madogo na bunduki, zikienda kuwashambulia wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Ndege kubwa zaidi, Lincoln, zilitoka Eastleigh, Nairobi, na mabomu mazito. Nyanya alikuwa msichana wa miaka 8. Kaka yake mkubwa alikuwa msituni.

"Mama yetu hakuzitazama," alisema. "Alizisikiliza. Zikienda, mlio ulikuwa mzito. Zikirudi, ulikuwa mwepesi. Hapo alijua mzigo umebaki msituni, akaacha kulima, akaketi."

Kaka huyo hakurudi. Kaburi lake halijulikani hadi leo.

Mjomba aliinamisha kichwa. Jioni, tukiwa wawili jikoni, aliniambia, "Mpwa wangu, nilijua kuwa Harvard ziliruka hapa. Nilisoma. Ndiyo sababu nilimchagua huyu. Lakini sikufikiria kuwa mama alikuwa chini yake." Nami sikuwa na la kumjibu, maana ni mimi niliyeipitisha chini chini ili nionekane hodari.

Nilidhani nyanya atasema tuichome. Hakusema hivyo. Asubuhi alituuliza tu kama inaweza kutengenezwa, na aliposikia kuwa propela mpya si ghali, akaitika, "Sawa. Lakini si hapa." Mjomba ameshaitengeneza, na tangu hapo hatujairusha karibu na boma lile.

Ndugu zangu wanafunzi, siandiki haya ili kuwakataza kupenda ndege. Mimi bado nazipenda, na Mungu akinijalia, siku moja nitakuwa rubani wa ndege halisi. Lakini ile methali naisoma upya. Tunapoisema huwa tunamfikiria aliye juu, na jinsi atakavyoanguka tupate kucheka. Ni nadra kumfikiria anayengoja chini. Mama yake nyanya alingoja chini jembe mkononi, akisikiliza mlio, na aliyekuwa juu hakulijua hata jina lake.

Siku hiyo nilijifunza kutua. Sasa kila ninapoishika rimoti, kabla ya kuongeza mbio, nageuka kwanza nitazame ni nani anayekuja njiani.