Dada anaogopa nini kukuambia mtoto ameanguka?

Wazazi wakizungumzia bosi mzuri, wengi huwa wanamzungumzia yule wa kazini kwao: anayelipa kwa wakati, anayetoa ruhusa mtoto akiugua, asiyefokea mtu mbele ya wenzake. Ni wachache wanaokumbuka kwamba hata wao ni mabosi. Wana mfanyakazi mmoja, wanamwita dada, na wamemkabidhi mtoto tangu saa 12 asubuhi mpaka jioni, foleni itakapowaruhusu kurudi.

Sifa za bosi wa nyumbani ni nyingi, lakini ipo moja inayogusa afya ya mtoto moja kwa moja. Je, dada anaweza kumletea habari mbaya?

Fikiria mtoto wa mwaka mmoja na nusu ameanguka kutoka kitandani saa 4 asubuhi. Analia, anabembelezwa, analala. Mama anarudi jioni na kumkuta amelegea na ametapika. "Amekula nini leo?" "Uji tu, mama." Hospitali, daktari anauliza: ameanguka? Saa ngapi? Alipoteza fahamu? Mama anajibu kwa uhakika kabisa kwamba mtoto hakuanguka, maana ndivyo anavyojua.

Mtoto aliyegonga kichwa, kisha akapoteza fahamu, akatapika mara kwa mara, akawa na usingizi mzito usio wa kawaida au akapata degedege, anatakiwa kufikishwa hospitali mara moja. Shida ni kwamba kutapika, kulegea na degedege huonekana pia kwa mtoto mwenye malaria kali. Anayeweza kumsaidia daktari kutofautisha haraka ni mtu aliyekuwepo. Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto aliyekunywa mafuta ya taa: aliyeona ndiye anayejua ni kiasi gani na saa ngapi. (Mwambieni dada mapema asimtapishe, kwani mafuta hayo yakipanda yanaweza kuingia kwenye mapafu.)

Sasa kwa nini afiche? Mara nyingi jibu liko jikoni. Mwezi uliopita alivunja bakuli, akatukanwa, na mwisho wa mwezi mshahara ukapungua. Chumvi ilipozidi, wageni wote walisikia. Kama bakuli lilileta yote hayo, mtoto aliyeanguka ataleta nini? Binti wa miaka 19, aliye mbali na kwao na asiye na pa kulala akifukuzwa usiku, hesabu hiyo anaipiga haraka sana.

Kuhusu hilo bakuli, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, hairuhusu bosi kukata tu. Lazima kuwe na makubaliano ya maandishi, mfanyakazi aelezwe kosa na kiasi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Sheria hiyohiyo inampa mapumziko ya saa 24 kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Nyumba ngapi zinafuata? Na dada anayelala saa 6 usiku akaamka saa 10 alfajiri kila siku, Jumapili ikiwemo, atasinzia tu mchana mtoto akiwa karibu na jiko.

Miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza makosa ya utoaji dawa kwenye wodi za hospitali. Alitarajia timu zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache. Akakuta kinyume: ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Baadaye alibaini kwamba kwenye timu hizo wauguzi hawakuogopa kusema, wakati kwingine makosa yalifichwa. Nyumbani hakuna tofauti. Mzazi anayejisifu kwamba kwake "hakujawahi kutokea tatizo" anastahili kuwa na wasiwasi kidogo.

Hii haina maana kwamba uzembe uachwe. Dada akimwacha mtoto peke yake na beseni la maji, lazima aambiwe, tena kwa ukali unaostahili. Ila mambo yana mpangilio. Akipiga simu kusema, "Mama, mtoto ameanguka," jibu la kwanza liwe, "Umefanya vizuri kuniambia. Analia? Anakutazama?" Mengine yasubiri mtoto akiwa salama, na yasemwe chumbani, mlango umefungwa.

Na hiyo simu apige kwa kitu gani? Nyumba nyingi dada ana simu ndogo isiyo na salio, au simu yake hufungiwa kabatini asubuhi ili "asichezee". Mwekeeni vocha, mwandikieni ukutani namba za baba, mama na jirani mmoja anayeshinda nyumbani, kisha mjaribu pamoja Jumamosi hii kuona kama anaweza kuzipiga bila kusaidiwa.