Pikipiki ya Mtu Mzima katika Njia ya Isiolo

Isiolo ni mlango wa nchi ya kaskazini. Zamani msafiri aliyetoka hapo kwenda Marsabit alipambana na mawe na vumbi. Leo lami imefika mpaka Moyale, mwendo wa kilomita 500 na zaidi. Kwa hiyo wako watu wazima walioiacha pikipiki ujanani ambao sasa hutamani kuirudia.

Ujuzi hauzeeki, lakini magoti na macho huzeeka. Basi mtu wa namna hiyo asichague pikipiki kwa ukubwa wa ngurumo yake. Kwanza ailaze chini, kisha ajaribu kuiinua peke yake. Ikimshinda mjini, itamshinda vilevile mbele ya Archer's Post, ambako msaidizi huweza kukawia. Tena ile ndogo ya bodaboda mafundi wengi wanaijua, na vipuri vyake havina shida.

Mavazi nayo yana hekima yake. Ateremkaye kutoka Timau huondoka katika baridi akafika Isiolo penye joto kali. Avae nguo za kupunguza moja moja, lakini koti nene, glavu na buti zisivuliwe kwa sababu ya jua, maana lami huchuna ngozi. Helmeti imkae barabara kichwani na kufungwa kidevuni. Iliyokwisha kupigwa kwa nguvu haifai tena.

Mwisho, jioni apunguze mwendo. Ngamia na mbuzi huvuka bila kuuliza, na nyumbani watoto wanamngoja.