Siasa ya Vipuri: Funzo la Baiskeli ya Magurudumu Madogo

Mijadala yetu kuhusu teknolojia huanzia kwenye ununuzi na kuishia hapohapo. Tunauliza chombo kimegharimu kiasi gani, kimetoka nchi gani, na nani alikata utepe siku ya kukipokea. Swali la nani atakifungua kitakapoharibika, kwa spana ipi na kwa kipuri cha kutoka wapi, tunawaachia mafundi. Leo nataka kulirudisha swali hilo mahali pake, yaani katika siasa, kwa mfano wa chombo kidogo ninachokifahamu kwa mikono yangu: baiskeli ya Moulton, niliyoinunua ikiwa imetumika nilipokuwa masomoni Uingereza, na ninayoendelea kuiendesha hapa Morogoro.

Baiskeli hiyo ina asili ya kisiasa. Mwaka 1956 Gamal Abdel Nasser aliutaifisha Mfereji wa Suez, vita vikafuata, na kabla ya mwaka kwisha Waingereza walikuwa wakigawiwa petroli kwa kuponi. Alex Moulton, mhandisi wa mji mdogo wa Bradford-on-Avon ambaye ukoo wake ulifanya biashara ya mpira tangu karne ya 19, akaanza kuifikiria upya baiskeli. Ni yeye pia aliyebuni springi za mpira za gari la Mini, lililotoka mwaka 1959. Mwaka 1962 akaitoa baiskeli yake: fremu ya chini isiyo na bomba la juu, ya kupandwa na mwanamke na mwanamume bila tofauti, magurudumu ya inchi 16, na springi mbele na nyuma.

Gurudumu dogo lina faida zake. Ni jepesi, ni imara, hushika mwendo upesi, na huacha nafasi ya mzigo juu yake. Lakini lina adhabu mbili. Ya kwanza ni mashimo: pale gurudumu la inchi 28 linapovuka, dogo hutumbukia. Tairi nene lenye upepo mchache hupunguza mtikisiko, ila humchosha mwendeshaji. Moulton alichagua tairi jembamba lililojazwa upepo mwingi, kisha kazi ya kumeza mishtuko akaikabidhi springi. Mbele, ndani ya bomba la usukani, kuna springi ya chuma yenye nguzo ya mpira katikati. Nyuma, kipande cha mpira kimebanwa kati ya fremu na uma unaocheza juu na chini. Adhabu ya pili ni gia. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja husogea zaidi ya mita 2.2, la inchi 16 husogea takriban mita 1.3. Kwa hiyo hufungwa gia kubwa zaidi mbele au ndogo zaidi nyuma, la sivyo utakanyaga pedali kama mshona cherehani bila kufika uendako.

Kampuni ya Raleigh, ambayo jina lake linajulikana hata vijijini kwetu, ilipelekewa ubunifu huo ikaukataa. Moulton akajenga kiwanda chake mwenyewe, na baiskeli ikapata wanunuzi wengi. Mwaka 1965 Raleigh ikajibu kwa RSW 16: magurudumu madogo vilevile, lakini bila springi, na matairi manene badala yake. Iliiga sura, ikaiacha akili. Mwaka 1967 ikamnunua mshindani wake, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 utengenezaji ulikuwa umekoma.

Hapo ndipo funzo linapoanza. Utengenezaji ukikoma, ni nini huwapata wenye vyombo? Rimu ya Moulton za mwanzo ni ya milimita 349. Kipimo hichohicho kikatumiwa baadaye na Andrew Ritchie wa London kwa baiskeli yake ya kukunja, Brompton. Kwa kuwa Brompton zimeenea duniani, mwenye Moulton ya mwaka 1964 hupata leo tairi jipya, tena bora kuliko la awali. Moulton alipoanza upya mwaka 1983 na baiskeli za aina ya AM, zenye fremu ya vibomba vyembamba vilivyosukwa kama mnara wa simu, alichagua rimu ya milimita 369, ambayo karibu hakuna mwingine anayeitumia. Ni gurudumu jepesi na la kasi, lakini mwenye nalo hubisha hodi mlango mmoja tu anapotafuta tairi. Katika miaka ya 1990 ikaja APB, iliyotengenezwa na Pashley kwa leseni, ikiwa na rimu ya milimita 406, ileile ya baiskeli za BMX. Mhandisi ni mmoja, lakini kila kipimo kiliamua uhuru wa mmiliki kwa namna yake.

Yangu ni ya 349. Ilifika Morogoro ikiwa na habu ya gia tatu ya Sturmey-Archer, muundo wa AW uliotoka mwaka 1936, bushi za mbele zikiwa zimelegea na mpira wa nyuma umepasuka kwa uzee. Matairi nilikuja nayo. Yaliyosalia aliyamaliza fundi mmoja afanyaye kazi chini ya mwembe. Bushi alizikereza kwa nailoni kwenye karakana ya jirani. Mpira wa nyuma aliukata kwanza kutoka tairi la lori, mpira uleule wa katambuga. Ukawa mgumu mno. Akautoa, akatafuta mpira wa kushikia injini ya gari, akaukata upya, na huo ukakaa. Hakuwa na kitabu cha maelekezo. Alifungua nati, akatazama, akaelewa, kwa sababu aliyebuni hakumfichia kitu.

Fundi huyohuyo aliitwa siku moja na ofisi ya umma iliyopokea bajaji za umeme za kubebea taka. Moja ilikuwa imekataa kuwaka. Alikuta boliti ambazo spana yake haipatikani mjini, na kisanduku cha umeme kisichofunguka bila neno la siri la muuzaji. Muuzaji hakuwa akipatikana tena. Vyombo vile vimeegeshwa nyuma ya jengo, vikiwa vipya kwa sura, na wazoa taka wamerudia mikokoteni. Nijuavyo, taratibu za zabuni zilifuatwa hatua kwa hatua. Ila zabuni yenyewe haikuuliza kitu chochote kuhusu matengenezo.

Wenzetu wameanza kuuliza. Tangu mwaka 2021 Ufaransa inawataka wauzaji wa baadhi ya vifaa vya umeme waoneshe alama ya urahisi wa kutengenezeka, na mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kutengeneza vitu. Ikiwa nchi zenye viwanda zinaona haja ya kuwalinda raia wao dhidi ya chombo kisichofunguka, sisi tunaopokea vyombo kutoka mbali tuna haja kubwa zaidi.

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma wanaosoma hapa waongeze maswali manne kabla ya kutia saini. Vipimo vya vipuri ni vya kawaida, au ni vya kampuni moja? Michoro na maneno ya siri vitakabidhiwa pamoja na chombo? Ni fundi gani wa hapa atakayefundishwa? Na muuzaji akifunga duka kesho, tutabaki na nini? Wanaharakati nao wadai majibu hayo yawe wazi kwa umma, maana fedha ni za umma. Na kwa wanafunzi wangu: mkitaka kujua kama mradi umekuja kukaa, msiishie kwenye hotuba ya uzinduzi. Nendeni kwa fundi, mumuulize kama anaweza kuufungua.