Pointi za Mama, Maili Zangu

Najua niliahidi kuendelea na somo letu la hifadhidata, na litakuja. Lakini juma lililopita mfanyakazi mwenzangu aliniuliza swali ambalo nilidhani ningelijibu kwa sentensi mbili. Alisema, "Nina maili za ndege zimebaki. Hazitoshi kwenda mbali na sitaki zipotee. Nifanyeje?" Nilianza kumjibu kama mtaalamu, halafu nikanyamaza. Jibu la kweli nililijifunza Mayoni, na lilinigharimu. Basi acheni niliandike lote.

Tuanze na mambo ya kompyuta, maana ndiyo kazi yetu hapa. Mpango maarufu wa maili za wasafiri ulizinduliwa na American Airlines tarehe 1 Mei 1981, ukaitwa AAdvantage. Kinachonifurahisha ni jinsi walivyowapata wasafiri wao wa mara kwa mara. Walikuwa na mfumo wa kuwekea nafasi za ndege uitwao Sabre, waliouunda pamoja na IBM. Wakatafuta ndani yake namba za simu zilizojirudia rudia. Namba ikijirudia sana, huyo ni mteja wa kutunzwa. Yaani swali dogo tu kwa hifadhidata, na biashara ya ndege ikabadilika dunia nzima. Hapa kwetu Kenya Airways ilikuwa kwa miaka mingi ndani ya Flying Blue, mpango wa Air France na KLM ulioanza mwaka 2005, na baadaye ikaanzisha wake yenyewe, Asante Rewards.

Lakini Mkenya wa kawaida hakujifunza pointi kwenye ndege. Alijifunza kwenye simu. Januari 2007, miezi miwili kabla ya M-Pesa kuzinduliwa, Safaricom ilianzisha Bonga Points. Ulikuwa ukitumia shilingi 10 unapata pointi 1. Wazo ni lile lile la maili za ndege, ila huyu msafiri wa mara kwa mara hapandi ndege. Anaongea tu. "Kubonga" si ndiyo kuongea?

Sasa hadithi yenyewe.

Kati ya 2014 na 2018 nilikuwa nikisafiri kikazi mara mbili tatu kwa mwaka, kufunga programu kwa wateja wa nje. Maili zikajikusanya hadi zikafika 38,400. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kuandika programu, sikuweza kuziacha hivi hivi. Nikatengeneza jedwali kwenye kompyuta. Hesabu yake ni rahisi na ni sahihi, unaweza kuitumia hata leo: chukua bei ya tiketi kwa pesa taslimu, toa ushuru na ada ambazo utalipa hata ukitumia maili, kisha gawanya kwa idadi ya maili zinazotakiwa. Unapata thamani ya maili moja.

Tiketi ya kwenda na kurudi kati ya Kisumu na Nairobi ilikuwa inataka maili 20,000. Kwa pesa ilikuwa kama shilingi 13,000, na ushuru na ada 3,000. Kwa hiyo naokoa 10,000. Maili moja ina thamani ya senti 50. Nikaangalia daraja la biashara kwenda Ulaya: maili 90,000, naokoa kama shilingi 180,000. Maili moja, shilingi 2. Mara nne zaidi! Jedwali langu likapaka mstari wa Kisumu rangi nyekundu na ule wa Ulaya kijani. Nikaamua kusubiri zifike 90,000.

Baba yangu alikuwa dereva wa trekta la miwa. Wanaoijua Mayoni wanajua ilipo, kwenye barabara ya kutoka Mumias kwenda Bungoma, na miwa pande zote. Alikuwa na tabia ya kusimama katikati ya kazi ndege ikipita, anakinga macho kwa mkono, anaitazama mpaka iishe. Aliwahi kuniambia, "Hawa watu wanapita juu ya miwa yetu kila siku, na hatujui huko ndani wanakula nini." Nikacheka. Nikamwambia, "Mzee, nitakupandisha." Hakujibu neno, akatabasamu tu akarudi kwenye trekta.

Nilikuwa na maili za kumpandisha, hata na za kubaki. Lakini mstari wa Kisumu ulikuwa mwekundu.

Baba alifariki Novemba 2018. Nilisafiri usiku kucha kwa basi kwenda kumzika, na kwenye akaunti yangu zilikuwapo zile zile maili 38,400. Sikufungua lile jedwali kwa muda mrefu.

Ikaja 2020. Nilifika Mayoni mwishoni mwa Machi na kompyuta yangu nikidhani nitakaa wiki moja. Kenya ilikuwa imesimamisha ndege za abiria za kimataifa tarehe 25 Machi, na tarehe 6 Aprili ikapigwa marufuku kuingia na kutoka Nairobi. Nikabaki. Nilifanya kazi chini ya mwembe, ambapo mtandao ulishika vizuri kidogo kuliko ndani ya nyumba. Siku moja niliingia kwenye akaunti ya maili kutazama tu. Zilikuwapo, na ndege zimeegeshwa. Thamani yake siku hiyo ilikuwa sufuri. Hakuna fomula ya kuibadilisha.

Mwezi huo huo wa Aprili Safaricom ikatangaza kwamba watu wanaweza kutumia Bonga Points kulipia bidhaa muhimu dukani kupitia Lipa na M-Pesa, na pia kumtumia mtu mwingine. Pointi moja, senti 30. Nikamwomba Mama simu yake, ile ndogo ya vibonyezo ambayo namba zake zimefutika. Nikabonyeza *126#.

Pointi 11,640.

"Mama, hizi hujawahi kuzigusa?"

"Nazijua," akasema. "Naziweka. Nangoja zitoshe simu ya kuonana uso kwa uso, niwaone wajukuu."

Nilikaa kimya. Ilikuwa kama kusikia jedwali langu likiongea kwa sauti ya Mama.

Nikapiga hesabu. Pointi 11,640 mara senti 30 ni shilingi 3,492. Halafu nikapiga hesabu ya kurudi nyuma, ambayo ndiyo iliyonigusa. Kwa shilingi 10 kila pointi, ni shilingi 116,400 za kuongea. Kwa miaka 13 hiyo ni kama shilingi 746 kila mwezi, yaani shilingi 25 kwa siku. Ndizo simu za kutuuliza kama tumekula, kutuambia nani ameolewa na nani amelazwa, na zile za Novemba 2018. Malipo yake kwa pointi ni shilingi 3 kwa kila 100. Si nyingi, lakini si bure.

Nikamweleza kwamba kwa kasi ile simu anayoitaka ingemchukua miaka mingine mingi, na kwamba bei za simu na sheria za pointi zinaweza kubadilika njiani. Sikumwambia afanye nini. Akafikiri, akasema, "Simu wewe utaninunulia. Unga leo nani atanunua?"

Tukaenda dukani sokoni kabla ya jioni, kwa sababu ya kafyu. Akachukua unga wa mahindi, mafuta ya kupikia, sukari, sabuni, na chumvi. Muuza duka alikuwa hajawahi kulipwa kwa pointi. Alisubiri ujumbe uingie kwenye simu yake, akausoma mara mbili, akacheka. Nusu ya vitu vile Mama hakuvifikisha nyumbani. Alivishusha kwa jirani yetu mmoja ambaye kazi yake ya kibarua ilikuwa imesimama. Pointi 1,500 zilizobaki akamtumia dada yake aliye Bungoma. Ndani ya siku moja alikuwa amemaliza alichokusanya kwa miaka 13, na usiku alilala usingizi mzuri kunishinda.

Mimi nilibaki macho. Niliona kosa langu lilikuwa wapi, na halikuwa kwenye hesabu. Fomula ilikuwa sahihi. Kosa ni kwamba nililinganisha tiketi ambayo ningeitumia na tiketi ambayo sikuwa na haja nayo. Katika maisha yangu sijawahi kutaka kulipa shilingi 180,000 ili nilale kwenye ndege. Kwa hiyo ile "kuokoa 180,000" ilikuwa namba tupu. Na katika jedwali lote hapakuwa na safu ya muda. Hapakuwa na mahali pa kuandika umri wa Baba.

Safari za ndani zilirudi Julai 15, 2020. Mashirika mengi ya ndege yalikuwa yameongeza muda wa maili kutokana na janga lile, na zangu zikapona. Februari 2021 nikamkatia Mama tiketi kwa maili 20,000, Kisumu hadi Nairobi, kwenda na kurudi. Alitoka Mayoni alfajiri kwa matatu, akapitia Mumias na Kakamega hadi Kisumu. Alitaka kuja na kuku hai, nikamsihi kwa simu, akaja na ingokho aliyekwisha kupikwa ndani ya mkebe. Ndege yenyewe ni kama dakika 45. Kwa basi angekaa zaidi ya saa 8 na miguu yake inavimba.

Nilipompokea nilimuuliza safari ilikuwaje. Akasema, "Nimeona wanakula nini. Ni biskuti na maji." Kisha akaongeza, polepole, "Mzee angecheka."

Haya, sasa jibu kwa mwenzangu, na kwako wewe mwenye maili au pointi zilizobaki:

1. Tumia fomula, lakini ilinganishe na kitu ambacho ungekilipia kwa pesa yako mwenyewe. Kama usingekinunua, thamani yake kwako si ile bei iliyoandikwa.

2. Kumbuka ushuru na ada. Tiketi ya maili si ya bure. Wakati mwingine kwa safari fupi ada ni kubwa hadi inafaa kulipa pesa tu na kuziacha maili.

3. Angalia tarehe ya kufa. Mipango mingi hufuta maili ukikaa muda fulani bila kuongeza au kutumia hata moja. Mara nyingi tendo dogo tu linatosha kuanzisha saa upya. Hata Bonga, Oktoba 2022 ilitangazwa kwamba pointi za zaidi ya miaka 3 zingeanza kufutwa Januari 2023, watu wakapiga kelele, mpango ukasimamishwa. Lakini funzo lilibaki.

4. Pointi si akiba. Katika vitabu vya kampuni ni deni, na aliye na deni ndiye anayeandika kanuni za kulilipa. Anaweza kesho kusema tiketi ya 20,000 sasa ni 30,000, na huna pa kwenda. Pesa weka benki au kwenye SACCO. Pointi zitumie.

5. Zikiwa chache mno, tazama kama mpango wako unaruhusu kumkatia mtu mwingine, kulipia mzigo wa ziada, au kuchangia shirika la hisani. Kununua maili za kujaziliza kwa kawaida ni ghali, piga hesabu kwanza. Zile za kuletewa redio au mwavuli kwa maili, mara nyingi ndiyo thamani duni kuliko zote.

Na zangu? Baada ya safari ya Mama zilibaki 18,400. Dada yangu alitumia 10,000 kuja mara moja. Nyingine 5,000 zililipia mzigo wa Mama alipokuja mara ya pili, maana alibeba unga wa wimbi, ndizi na viazi vitamu kana kwamba Nairobi hakuna soko. 3,400 za mwisho zilikufa zenyewe, na sikuzililia.

Simu ya kuonana uso kwa uso nilimnunulia kwa pesa taslimu, wiki ile ile ya Aprili 2020. Iligharimu chini ya ile tiketi ya Kisumu niliyokuwa nimeipaka nyekundu. Siku ya kwanza alielekeza kamera kwenye dari nusu saa nzima, tukaongea na mabati.

Lile jedwali bado ninalo. Nimeongeza safu moja mwishoni, imeandikwa "Nani anasubiri?" Kompyuta haijui kuijumlisha, kwa hiyo huwa naijaza kwanza.

Tuonane kwenye somo la hifadhidata. Mulembe.